Komedi za skruboli za Hollywood: mapenzi yake bado yanaaminika, siri ni nini?

Mwandishi wa Zamu

Wakuu, habari za leo.

Naomba tuchambue zile komedi za mapenzi za Hollywood za kuanzia 1934 hadi 1942 hivi, zinazoitwa skruboli. Picha ni nyeusi na nyeupe, watu wanaongea kama cherehani, havuliwi mtu nguo, na busu likija basi ni dakika ya mwisho. Lakini ukiziweka leo mbele ya watazamaji waliolelewa na tamthilia za Kituruki na Kifilipino, wanacheka, na wanataka kwa dhati wale wawili waoane.

Swali ni la ufundi. Kikundi kinaandika filamu fupi ya dakika 20, komedi ya mapenzi, na kila rasimu inarudi na ugonjwa uleule: wahusika wanatamka kwamba wanapendana, msomaji haamini. Hawa wakongwe walifanya nini hasa, kwenye karatasi na mbele ya kamera? Majibizano ya kasi yanaandikwaje bila kugeuka kelele? Yule mchumba anayeachwa anajengwaje? Na ambaye hajaona hata moja aanze na ipi, na nakala gani? Mifano ya sini halisi nitaithamini sana. Natanguliza shukrani.

Kalamu Kavu

Mkuu, mmewapa wapenzi maneno, hamjawapa kazi. Skruboli nzuri inawapa watu wawili jambo gumu kidogo, la kijinga kidogo, na wakilifanya vizuri pamoja mtazamaji anaiona ndoa kabla wao hawajaiona.

Chukua Bringing Up Baby ya 1938, iliyoongozwa na Howard Hawks, ile sini ya mgahawani. Susan, ambaye ni Katharine Hepburn, amemchania David koti la sherehe. David ni Cary Grant, mtaalamu wa mifupa ya dinosaria, mtu wa miwani na haya. Muda mfupi baadaye David anakanyaga gauni la Susan na kipande chote cha nyuma kinabaki chini. Susan hajui, anaendelea kumgombeza. David hawezi kulitamka jambo lenyewe, kwa hiyo anamziba kwa kofia yake, na Susan anamwona mwendawazimu. Akija kupapasa na kugundua, mara moja anataka David asimame nyuma yake, karibu kabisa, na wanatoka ukumbini wamegandana kifua kwa mgongo, hatua kwa hatua kama askari wa gwaride, mbele ya wageni wote.

Hakuna neno la mapenzi hapo. Ila miili yao imekwenda mwendo mmoja, na David, ambaye dakika moja nyuma alitaka kumkimbia, amelinda heshima ya Susan. Ukiandika "nakupenda" baada ya hapo unaharibu.

Mfano mwingine ni karoti za It Happened One Night, ya 1934. Ellie ni binti wa tajiri aliyemtoroka baba yake, Peter ni mwandishi wa habari aliyefukuzwa kazi, wote hawana senti. Peter anachuma karoti shambani. Ellie anazikataa kwa kiburi, na njaa inauma. Baadaye Peter anageuka na kumkuta anaitafuna moja, mbichi. Hiyo ndiyo sini ya mapenzi. Anakubali chakula chake, kwa hiyo anaukubali ulimwengu wake.

Zoezi: fungueni rasimu, futeni kila sentensi inayotaja mapenzi, na mahali pake wekeni kazi inayohitaji mikono minne. Kukunja shuka kubwa kunatosha. Kazi iwe na kanuni ambayo mtazamaji anaielewa bila kuambiwa, ili ikiharibika aone imeharibika wapi.

Kinasa Sauti

Nijibu la kasi, kwa sababu ndipo wengi wanapoanguka.

Watu wanadhani His Girl Friday ya 1940 ina kasi kwa sababu waigizaji wanaongea haraka. Haraka peke yake inachosha baada ya dakika tano. Hawks alitaka sentensi ziandikwe zikiwa na maneno ya kutupa mwanzoni na mwishoni, na habari muhimu ikae katikati. Mwenzako akikuingilia, anameza maneno ambayo hayana hasara. Kwa Kiswahili inakuwa hivi:

"Hebu sikiliza, mahari inalipwa Jumamosi, kama tulivyoongea juzi."
"Ndiyo ndiyo, lakini shangazi hajaambiwa, na hilo unalijua wewe."
"Aa jamani, shangazi ndiye aliyepanga tarehe, muulize ukitaka."

Wa pili anaingia kwenye "kama tulivyo". Wa tatu anaingia kwenye "na hilo". Someni kwa sauti, watu wawili. Mahari, Jumamosi, shangazi hajaambiwa, shangazi ndiye aliyepanga: vyote vinasikika, na kila sentensi imekanyagwa. Sasa jaribuni kuhamishia "Jumamosi" mwishoni, mtaona inapotea palepale.

Kwenye kurekodi kuna mambo mawili. Kwanza, sentensi zinazokanyagana hazikubali kukatwakatwa. Ukipiga shoti ya karibu ya mmoja halafu ya mwingine, mhariri hana mahali pa kukata bila kubeba kipande cha sauti ya yule mwingine. Ndiyo maana Hawks anawaweka wote kwenye fremu moja na kuiacha kamera itulie. Sini ya mgahawani ya Walter, mhariri wa gazeti, Hildy, mwandishi wake na mke wake wa zamani, na Bruce, mchumba mpya wa Hildy, ni meza moja, watu watatu, na yanayotokea chini ya meza: Hildy akitaka kumpiga Walter teke, mhudumu ndiye anayelipata. Pili, waigizaji wetu wamezoea kungojana kwa adabu. Katika mazoezi mwambie kila mmoja aanze kwenye neno fulani la mwenzake, na neno hilo lipigiwe mstari kwenye skripti. Usimwambie tu "harakisha", atapandisha sauti.

Kasi nayo inahitaji ukimya. Katika filamu hiyohiyo Hildy anaingia gerezani kumhoji Earl Williams, mtu anayesubiri kunyongwa. Sauti inashuka, maneno yanapungua, anamuuliza taratibu. Sini ni fupi, lakini bila yake zile kelele za chumba cha waandishi wa habari zingekuwa kelele kweli.

Bi Reli

Kuhusu mchumba anayeachwa: mfanyeni mtu mwema. Kosa la komedi za siku hizi ni kumfanya mkorofi, mlevi au mzinzi, basi binti akimwacha hajachagua chochote, ameokolewa tu.

Tazameni Ralph Bellamy. Alicheza nafasi hii zaidi ya mara moja, na kwa ile ya The Awful Truth ya 1937 aliteuliwa kuwania Oscar. Huko ni Dan Leeson, tajiri wa mafuta kutoka Oklahoma, mkarimu, mtiifu kwa mama yake. Katika His Girl Friday ni Bruce, wakala wa bima mwenye mwavuli na viatu vya mpira vya kuvalia mvua hata pasipo mvua. Hana ubaya. Angekuwa mume salama. Tatizo lake ni kwamba hachezi: mtu akimrushia neno, analipokea na kulishukuru badala ya kulirudisha. Mtazamaji anamhurumia, na huruma hiyo inafanya uamuzi wa mwanamke uwe na gharama. (Walter anapomweleza mtu mwingine sura ya Bruce ilivyo, anasema amefanana na yule mwigizaji wa sinema, Ralph Bellamy. Ukumbi wowote unaangua kicheko.)

Kwa kuwa umeomba sini halisi, ichambueni ile ya kofia mbili katika The Awful Truth, kama fundi anavyofungua injini. Lucy, Irene Dunne, ameachana na Jerry, Cary Grant, na talaka itakamilika baada ya siku 90. Mwalimu wake wa kuimba, Armand, ambaye Jerry anamshuku, yuko nyumbani kwake, na kofia yake ya duara iko wazi. Jerry anabisha hodi. Lucy anamficha Armand chumbani na kuificha kofia. Lakini mbwa wao, Mr. Smith, amefundishwa mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa, kwa hiyo anaitoa kofia kwa furaha. Lucy anaificha tena, mbwa anaileta tena. Jerry naye ana kofia ya aina hiyohiyo. Anavaa isiyo yake, inamshukia hadi masikioni, anajitazama kwenye kioo na kushangaa. Halafu Dan na mama yake wanabisha hodi, Jerry naye lazima ajifiche, na chumba ni kimoja tu.

Hesabuni vipuri: kofia mbili zinazofanana, mbwa mmoja, mlango mmoja wa chumbani, mlango mmoja wa nje. Hakuna bahati nasibu. Mbwa anacheza mchezo tuliouona, Lucy anadanganya kwa sababu ukweli usingeaminika, na Jerry hana haki ya wivu ila anao. Kila mlango ukibishwa, nafasi inapungua. Rasimu nyingi hukwama kwa kuleta kitu kipya kila dakika. Leo McCarey aliyeongoza hii alipata Oscar ya uongozaji, na tazameni anavyotumia vitu vilevile mpaka viishe nguvu.

Kisa na Mkasa

Nakubaliana na Bi Reli. Niongeze sababu ya kihistoria: udhibiti. Kanuni za maadili za Hollywood zilipiga marufuku karibu kila kitu cha chumbani, kwa hiyo waandishi wakalazimika kutafuta njia za pembeni. Lile blanketi la It Happened One Night, linalotundikwa kwenye kamba kati ya vitanda viwili na kuitwa kuta za Yeriko, ni mtoto wa kanuni hizo.

Kalamu Kavu

Hapo kwenye blanketi, ndugu, tarehe hazikubali. Kanuni ziliandikwa 1930 lakini zilianza kubana kikweli Julai 1934, ofisi ya udhibiti ilipokuwa mikononi mwa Joseph Breen na filamu bila muhuri wake haikupata nafasi katika kumbi za makampuni makubwa. It Happened One Night ilitoka Februari 1934. Wangeweza kuthubutu zaidi, wakachagua blanketi.

Walilichagua kwa sababu ya wahusika. Peter anatundika blanketi ili binti asiogope, huku akijifanya hajali. Anatoa maelezo kama mwalimu wa darasa la sayansi, anampa pijama zake, anaanza kuvua nguo moja moja mpaka Ellie akimbilie upande wake. Taa zikizimwa, Ellie anavua nguo na kuzitundika juu ya blanketi, na Peter, aliyejifanya jiwe, anamwomba aziondoe kwenye kuta za Yeriko. Nguo ya ndani juu ya blanketi, na mwanamume aliyeshindwa kulala. Robert Riskin aliyeandika skripti na Frank Capra aliyeongoza walijua kwamba pazia linamfanya mtazamaji afanye kazi upande wa pili.

Uko sahihi kwa zilizofuata. Baada ya Julai 1934 wengine walibanwa kweli, na hii ilikuwa tayari imewaonyesha njia, ikiwa na Oscar zote tano kubwa: filamu, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na skripti.

Kingine kinachosahaulika ni pesa. Marekani ya 1933 ilikuwa na takriban mtu mmoja kati ya wanne hana kazi. Baba yake Ellie ametangaza zawadi ya dola 10,000. Mwishoni Peter anakwenda kwake, na tajiri anadhani amefuata zawadi. Peter anadai dola 39 na senti 60, gharama zake za njiani, na hataki zaidi. Deni dogo lililohesabiwa mpaka senti linatuambia anampenda binti na kwamba hawezi kununuliwa. Wekeni namba kamili kwenye skripti zenu. "Pesa nyingi" haichekeshi wala haiumi.

Mzee wa Projekta

Nakuja kwenye la nakala, maana filamu nzuri kwenye nakala mbovu inaonekana imekufa.

His Girl Friday na My Man Godfrey ya 1936 hazina tena hakimiliki Marekani, haikuhuishwa. Ndiyo maana zimejaa mtandaoni bure, na nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala. Dalili: nyuso zimeungua kuwa nyeupe tupu, sauti ina mvumo kama kaanga la chapati, herufi "s" zinakwaruza. Kwa filamu inayoishi kwa maneno hilo ni kifo. Tafuteni iliyorekebishwa, hata kama ni kwa kulipia.

Umbo la picha ni karibu mraba, upana 1.37 kwa urefu 1. Televisheni ikiivuta ijaze kioo, watu wanakuwa wanene. Ikikata juu na chini, inapoteza miguu, na miguu ndiyo yenye mambo. Acheni pembeni pawe peusi. Zimeni pia ule mpangilio wa televisheni unaolainisha miendo, unazifanya zifanane na habari za saa mbili.

Sabtaito ni lazima hata kwa anayejua Kiingereza vizuri. Zile tafsiri za sauti ambazo mtafsiri anaongea juu ya filamu hazifai hapa kabisa. Katika filamu ya ngumi zinapendeza, ila hapa sauti mbili tayari zimekanyagana, ya tatu inafuta zote.

Mpangilio: It Happened One Night kwanza, dakika 105, ndiyo yenye mwendo wa taratibu. Kisha The Awful Truth. Kisha The Lady Eve ya 1941 ya Preston Sturges, ambamo Barbara Stanwyck anamchunguza Henry Fonda kupitia kioo cha mkobani na kuwatangaza wasichana wanaomzengea kama mtangazaji wa mpira. His Girl Friday iwe ya nne. Wengi huanza nayo, wanachoka dakika ya ishirini, wanasema aina yote si yao. Bringing Up Baby iwe ya mwisho. Haikufanya vizuri ilipotoka, na Hawks mwenyewe alikiri baadaye kosa lake: kila mhusika ni kichaa, hakuna wa kawaida wa kuwapima wengine. Hilo nalo liandikeni ukutani: kichaa mmoja anahitaji angalau mtu mmoja anayejiona mzima.

Na tazameni mkiwa wengi. Peke yako kwenye simu unapoteza nusu.

Kisa na Mkasa

Asante kwa marekebisho ya tarehe, Kalamu Kavu, nimeyachukua.

Kwa watu wa pwani kuna mlango mwingine wa kuingilia. Wengi wetu tumeiona hadithi ya Ellie na Peter bila kujua, kwa Kihindi: Chori Chori ya 1956, Raj Kapoor na Nargis, na Dil Hai Ke Manta Nahin ya 1991, Aamir Khan na Pooja Bhatt. Ukizilinganisha unajifunza mengi. Za Kihindi zina nyimbo, na wimbo unaruhusu moyo useme wazi. Ile ya 1934 haina ruhusa hiyo, kwa hiyo karoti na blanketi vinabeba mzigo wa nyimbo.

Bi Reli

Tuseme na yanayouma, vijana wasije wakayakuta ghafla. Weusi katika filamu hizi ni wapagazi, wahudumu na wajakazi, wa kuchekwa au wa kutochukuliwa maanani. The Palm Beach Story ya 1942 ni nzuri mno kwa majibizano, lakini ina sini ya klabu ya matajiri walevi wakifyatua bunduki ndani ya treni, na mhudumu mweusi anageuzwa shabaha ya utani huo. Haivumiliki, na inaonyesha mipaka ya waliotengeneza: walijua kumcheka tajiri mweupe kwa upendo, mweusi hawakumpa hata jibu moja la maana. Katika aina ya filamu ambamo heshima ni kurudisha neno, kumnyima mtu neno ni kumnyima utu.

Wanawake nao walipewa kinyume chake, na ndiyo sababu kubwa zimedumu. Hildy, katika tamthilia ya jukwaani ya 1928 ambayo His Girl Friday imetokana nayo, alikuwa mwanamume. Walimbadilisha kuwa mwanamke na hawakumpunguzia kazi: bado ni mwandishi bora kuliko wote chumbani, na Walter anamtaka kama mke na kama mwandishi kwa pumzi moja.

Mwandishi wa Zamu

Wakuu, nimeshiba. Blanketi, karoti na dola 39.60 vimeshaingia kwenye daftari. Swali la mwisho: rasimu yetu haina busu na kikundi kinagoma, wanasema haitakuwa na mwisho. Mnaimalizaje?

Bi Reli

Rudini kwenye The Awful Truth. Talaka inakamilika saa sita usiku. Lucy na Jerry wako kwenye nyumba ya shamba, vyumba viwili vinavyopakana, na mlango wa katikati una kitasa kibovu. Upepo unausukuma, unafunguka, wanatazamana, wanaufunga. Unafunguka tena. Wakati fulani kinachouzuia ni paka aliyelala. Dirisha la Jerry liko wazi, angeweza kulifunga. Ukutani kuna saa yenye vijumba viwili na vikaragosi viwili, mwanamume na mwanamke. Ikigonga, wanatoka, kisha kila mmoja anarudi kwa mlango wake.

Andikeni kitu chenu cha namna hiyo mapema, ukurasa wa pili au wa tatu, mkionyeshe mara mbili kikifanya kazi yake ya kawaida, bila kukieleza. Mara ya tatu kibadilike kidogo tu. Saa sita inagonga, vikaragosi vinatoka, yule wa kiume anaanza kurudi kwake, anageuka, anaingia kwa mlango wa mwanamke.